Mrejesho: baba na kanseri ya tezi ya prostati

Aksanti kwenu mliojibu nilipouliza kama baba, miaka 71, apasuliwe au aachwe. Narudi na habari.

Tulishika ile PSA ya 9 (kipimo cha damu cha prostati) kama hukumu ya kifo. Munganga (daktari) hapa Bukavu akasema namba hiyo peke yake haitoshi. Hata prostati iliyovimba tu bila kanseri huipandisha. Kilichoamua ni biopsi, yaani kupima vipande vidogo vya tezi: Gleason (alama ya ukali wa kanseri) 3+3=6, kiwango cha chini, na ugonjwa haujatoka nje ya tezi.

Njia? Upasuaji, ila mkojo unaweza kuvuja na nguvu za kiume kupungua. Mionzi, ambayo ingetuvusha mpaka hadi Kigali. Au kungoja huku anapimwa PSA kila miezi sita, na biopsi kurudiwa baadaye. Mzee alinyamaza, akakunja karatasi ya matokeo mpaka ikatosha ndani ya kiganja, kisha akauliza: “Na kasiksi yangu?” (pombe yake ya ndizi). Munganga alicheka mpaka akavua miwani.

Amechagua kungoja. Yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) bado amenuna, anasema kanseri hailelewi nyumbani. Siku ya kipimo nitaenda naye, amuulize munganga mwenyewe. (Uliyenishauri mizizi ya kuchemsha, unisamehe, sufuria tumeirudishia maharagi.)