Eshek (sataranji, chess) ku parki ya Paris na New York, banaanzaka namna gani?

Mutoto_ya_Kadutu: Jambo ba yaya. Mwezi unaokuja niko naenda Paris juu ya formasyo ya kazi, siku 12, kisha napita New York kuona mukubwa wangu. Mi nacheza eshek tangu sekondari lakini hapa Bukavu ni ndani ya nyumba tu, ku barabara batu banapenda dame na vifuniko ya Primus. Nasikia kule mutu anakaa tu ku parki anacheza na yeyote. Unaomba namna gani? Na franga inalipwa?

Mama_Fifi: Paris enda Jardin du Luxembourg, kuko meza za eshek na wazee bale hata baridi haibafukuze. Hakuna kulipa. Simama, angalia parti (mchezo mumoja) ikwishe, uliza kama unaweza kukaa, Kifaransa unacho. Ila usifundishe mutu wakati anacheza, si kama dame ya kwetu kila anayepita anapiga kelele kula pale kula pale 😂 Tena usiguse pande (kete) ovyo! Mi nilishika fu yangu (pande moja, Kifaransa fou) juu niiweke muzuri ndani ya karo, muzee akasema umegusa, cheza. Fu ikaenda. Lazima useme "jadube" (j'adoube, ni kusema naiweka tu muzuri) MBELE ya kugusa.

Gran_Nguba: New York ni ingine. Washington Square Park, kona ya kusini-magharibi, mutu amepanga pande zote anakuita kwa sauti sawa mama wa kuuzisha samaki ya sambaza. Ile ni kazi yake mudogo wangu, uliza beyi mbele ya kukaa! Mi nikazani ni salamu, nikakaa, dakika 5 kwa kila mutu, yeye anaongea bila kunyamaza na mi nasahau kupiga saa ya mchezo kisha kusukuma pande, basi dakika zangu zinaendelea kwisha, parti tatu nimeshapoteza ndiyo ananiambia dola 15. Nililipa, ningefanya nini. Union Square pia bako.

Mama_Fifi: Gran weee, dola 15 na ulipigwa 😂

Gran_Nguba: Mama Fifi uache. Ya tatu nilikuwa na turu (pande ya nguvu, Kifaransa tour) moja zaidi, ni saa ilinikwishia.

Mutoto_ya_Kadutu: Aksanti sana. Basi nitacheza Luxembourg mingi, New York nitaangalia tu. Nibebe eshek yangu?

Gran_Nguba: Beba ile ndogo ya kukunjwa, ndege zinachelewaka. Na zoea kupiga saa na mukono ule ule unaosukuma pande, ukitumia ule mwengine batakukataza.