Mfumo mpya wa stoo umeshawashwa lakini watu wamerudi kwenye daftari, tufanyeje?

MsimamiziMpya:
Habari zenu wakuu, naomba mawazo yenu. Hapa kazini tumeleta mfumo wa kompyuta wa stoo na manunuzi, kabla ya hapo kila kitu kilikuwa kwenye daftari na mafaili ya Excel ambayo kila mtu alikuwa na lake, na mimi ndio nimekabidhiwa kusimamia mabadiliko haya. Mafunzo yalifanyika, waliotuuzia walikuja wakatuonyesha kwenye projekta asubuhi nzima, watu wakaitikia, kila mmoja akapewa akaunti yake. Sasa kinachoendelea ni kwamba wa stoo wanaandika kwenye daftari mchana kutwa halafu jioni ndio wanaingiza kwenye mfumo kwa mkupuo, wakichoka inalala mpaka kesho. Kwa hiyo ukifungua skrini saa sita mchana inakuonyesha mzigo upo wakati ulishatoka tangu asubuhi, wa manunuzi anaiamini ile namba haagizi, kesho yake kazi inasimama na lawama zinaanza.

Menejimenti wameamua mwisho wa mwezi huu madaftari yote yakusanywe yafungiwe, na asiyetumia mfumo apewe barua. Mimi hawa watu nawajua, sio wavivu hata kidogo, kuna mzee pale stoo ukimuamsha usiku wa manane anakwambia kila kitu kilipo. Sitaki wavunjike moyo na sitaki mfumo ufe pia. Mliopitia hili mlifanyaje?

MtuWaGhala:
Mkuu kabla ya barua na kabla ya mafunzo mengine, nenda kaombe hilo daftari ulisome. Namaanisha ukae nalo chini ukurasa kwa ukurasa, na mwenyewe awepo akueleze. Mimi nimekaa ghalani muda mrefu na nakuhakikishia mtu hang'ang'anii daftari kwa mapenzi ya karatasi, kuna kitu daftari linampa na mfumo haumpi. Angalia pembeni mwa ukurasa, huko ndiko kuna siri. Utakuta kaandika "fundi kaazima, atarudisha", "boksi limefunguliwa", "hii ni ya mteja, isitoke". Sasa fungua mfumo uone kama kuna mahali pa kuandika kitu kilichoazimwa. Mara nyingi hakuna, kuna kutoa na kupokea basi, kwa hiyo akikitoa hesabu inapungua wakati kitu kitarudi, asipokitoa hesabu inadanganya. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungerudi kwenye daftari tu.

Halafu kaa naye wakati wa foleni. Hesabu skrini anazopita mpaka atoe kitu kimoja huku watu watatu wamesimama mbele yake. Waliofundisha kwa projekta walionyesha kutoa bidhaa moja kwa mtu mmoja asiye na haraka, kazi yenyewe haiko hivyo.

Kanyaga_twende:
Mimi naunga mkono menejimenti. Njia mbili zikiachwa wazi watu watapita ile waliyoizoea, hata mfumo uwe mzuri vipi. Wekeni tarehe, daftari lifungwe, wiki mbili za maumivu halafu yanaisha.

DadaWaHesabu:
@Kanyaga_twende tarehe ya mwisho lazima iwepo hapo nakubaliana na wewe, kuendesha njia mbili muda mrefu ni kumfanyisha mtu kazi mara mbili kwa mshahara uleule na bado hesabu hazilingani. Ila mwisho wa mwezi jamani? Ndio wakati wa kufunga hesabu, kila mtu kichwa kimemjaa. Kampuni ya Hershey ya Marekani, wale wa chokoleti, mwaka 1999 walikamilisha kuwasha mfumo wao mpya mwezi Julai, oda za msimu wa Halloween zikaanza kumiminika hata watu hawajauzoea, wakashindwa kupeleka oda za takriban dola milioni 100 na mzigo upo ghalani. Chagueni kipindi ambacho kazi imepoa.

Kingine ambacho naona hakijaulizwa, hizo data za mwanzo mlizitoa wapi? Kama mlichukua mafaili ya Excel mkayamwaga humo basi na mimi ningeweka daftari pembeni. Bidhaa moja itakuwa imeandikwa "bolti 10mm", "boliti kumi" na "bolti M10", mfumo unazihesabu kama vitu vitatu tofauti. Namba za bidhaa zinazoanza na sifuri Excel huwa inazikata, 00457 inakuwa 457. Tarehe ndio usiseme, 03/04 mmoja anasoma tarehe 3 mwezi wa nne mwingine tarehe 4 mwezi wa tatu, na kompyuta inachagua bila kukuuliza. Safisheni majina kwanza, kisha simamisheni stoo siku moja mhesabu kitu kimoja kimoja kwa mkono, hiyo ndio iwe hesabu ya kuanzia. Mtu wa stoo akikuta skrini na rafu vinakubaliana siku ya kwanza ataanza kuuamini.

MsimamiziMpya:
Aisee asanteni sana. @MtuWaGhala leo nimekaa na mzee na daftari lake na ni kama ulivyosema, vitu vya kuazima vimejaa, na ameweka alama ya vyumba viwili ambavyo kwenye mfumo vyote vinaitwa stoo kuu. Nimewauliza waliotuuzia wamesema kuongeza maeneo ni kazi ndogo, na kuazima kunaweza kufanyika kama kuhamisha kwenda eneo linaloitwa "kwa mafundi". Kumbe mlango ulikuwepo siku zote, hakuna aliyeuliza. Ila menejimenti bado wana hoja ya barua kwa sababu kuna tofauti imeonekana kati ya mfumo na mzigo halisi, na mtandao nao ukikata watu wanakwama.

Mkaguzi_wa_Zamani:
Ndugu hapo kwenye barua naomba uwaambie wakubwa wasimame kwanza. Huko Uingereza shirika la posta lilileta mfumo wa Horizon kuanzia 1999, hesabu zikawa hazilingani, ikaaminiwa kompyuta na wakashtakiwa wasimamizi wa vituo vya posta, zaidi ya watu 900 wakatiwa hatiani kwa kesi zilizotegemea data za mfumo ule. Watu walifilisika, wengine walifungwa, na ni mwaka 2024 tu ndio bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla. Hali yenu sio kubwa hivyo lakini kanuni ni ileile, mfumo na mtu wakipishana mnachunguza wote wawili. Na uchunguzi wenyewe hauwezekani kama watu wanaazimana pasiwedi, hilo likomesheni leo leo, sio kwa kumkamata mtu bali ili mtu asibebeshwe kitu ambacho hakukifanya.

Mtandao ukikata, chapisheni fomu yenye nafasi zilezile za kwenye skrini na kwa mpangilio uleule. Mtoaji anaijaza, mtandao ukirudi anaiingiza mwenyewe kabla hajatoa kitu kingine chochote, kisha anaigonga muhuri. Hilo ndilo daftari pekee litakalobaki.

MtuWaGhala:
Na huyo mzee mpeni nafasi ya kuujaribu mfumo kabla ya wengine kila mnapobadilisha kitu, kwa mizigo yake halisi ya siku hiyo, na akisema hapa panakwama parekebishwe kwanza. Wenzake watamsikiliza yeye kuliko mtu wa projekta.