Wigi lisilojulikana kwenye paji: wanawake wa Tanga, tupeane uzoefu

BintiChumbageni
Habari zenu wapendwa. Mwezi ujao mdogo wangu anaolewa, na safari hii nataka wigi la kueleweka. Harusi iliyopita, ya binamu yangu pale Makorora, nilivaa la nywele ndefu na nililipia pesa ya maana. Saluni nilijiona nimependeza. Zilipotoka picha nikaliona tatizo: nywele zimeanzia kwenye paji kwa mstari mmoja mnyoofu, mweusi ti, kama umechorwa kwa wanja na rula. Kutoka nyusini hadi hapo pamebaki vidole viwili. Kila aliyenitazama siku ile alianzia pajini, na iliniuma. Naomba wenye uzoefu: mwanzo wa nywele unaofanana na wa kuzaliwa nao mnauchaguaje?

MsusiWaNgamiani
Pole mdogo wangu. Nasuka huku Ngamiani mwaka wa 11 huu. Kabla ya kwenda dukani, simama kwenye kioo bila kitu kichwani ujitazame. Nywele zako za mwanzo ni chache, laini, nyingine fupi, zimelala huku na kule, na panjani zinaingia ndani. Unene unaanza ukishaingia kama upana wa kidole. Wigi lisilofuata hivyo litajulikana tu, hata liwe la nywele za binadamu.

Dukani usianze na urefu. Lishike, sogea nalo mlangoni penye mwanga wa jua, ligeuze ndani nje, uitazame lesi, yaani kile kitambaa chepesi cha wavu cha mbele. Nywele zimefungwa mafundo pale. Mstari wa mbele kabisa unatakiwa uwe na mafundo madogo, unywele mmoja mmoja. Ukiona vitone vyeusi vimejipanga, ujue ukivaa ndivyo vitakavyoonekana. Wengine huvififisha kwa dawa ya kung'arishia nywele. Inawezekana, lakini dawa ikizidi fundo linalegea na nywele zinapukutika, kwa hiyo mpe anayeijua kazi.

Kisha uliza ujazo, yaani wingi wa nywele. Watakusifia asilimia 180 au 200 kwa kuwa linaonekana limeshiba. Mimi wateja wangu nawaambia 130 hadi 150, kichwa cha mtu hakijai vile. Na zile namba: 13x4 ni lesi ya inchi 13 kutoka upande mmoja wa uso hadi wa pili, na inchi 4 kurudi nyuma. 4x4 ni kipande cha mbele katikati tu, ukizibana nyuma panjani mshono unaonekana. Kama wewe ni wa kugawa katikati na kuziacha zishuke, 4x4 inakutosha, usimwage hela.

MamaPacha_Pongwe
Niongezee na kunyonyoa, yaani kung'oa baadhi ya nywele za mbele ili mstari usiwe mkali. Wigi langu la kwanza lilikuwa na mstari kama wako, nikachukua kibano cha nyusi nikaushambulia mstari wa mbele wote kwa usiku mmoja. Asubuhi lesi iko wazi kama wavu, na nywele za lesi haziotei tena ukishazing'oa. La pili nilienda taratibu: niliacha zile za mbele kabisa, nikapunguza safu za nyuma yake, chache hapa, chache pale, kila baada ya muda naliweka kichwani natazama. Ilinichukua siku tatu na limekaa vizuri hadi leo.

Rangi ya lesi nayo ni muhimu. Nyeupe juu ya ngozi yetu inatoa ukijivu. Mimi nilichemsha chai ya rangi, majani yetu ya Usambara, kali sana, nikaiacha ipoe. Nywele nikazifunga juu, nikachovya lesi peke yake. Usiihukumu ikiwa mbichi. Ikikauka inapauka kidogo, hapo ndipo uilinganishe na paji lako. Ikibaki hafifu unachovya tena.

Zuhura_T
Gundi jamani. Kaskazi ya Tanga mnaijua, jasho linaanza saa mbili asubuhi. Nilikuwa nagandisha kila wiki, mchana gundi inageuka nyeupe na lesi inanyanyuka, jioni naongeza nyingine. Siku moja nilibandua kwa haraka, nikaona kwenye lesi nywele fupi laini, za kwangu. Malaika za upande wa kulia zote zilikuja na gundi. Daktari wa ngozi alinikataza gundi na kusuka kwa kubana, akaniambia nywele zikivutwa muda mrefu mizizi inakufa na pale hapaoti tena. Sasa navaa lenye mpira wa kukaza kwa ndani, bila gundi. Kushoto zimerudi. Kulia bado nasubiri, na kila asubuhi napapasa.

Mwanapwani
Hivi wigi, dini inaliruhusu?

MsusiWaNgamiani
Ndugu, hilo waulizwe masheikh na wachungaji. Humu tubaki kwenye mada.

DadaWaMuheza
Mimi niko tofauti nanyi, nilimaliza nywele zote na matibabu ya saratani. Nilipoanza kutafuta wigi sikujua hata nywele zangu zilikuwa zinaanzia wapi. Aliyenisaidia alinambia ninyanyue nyusi juu kabisa: mikunjo ya paji inapoishia, hapo ndipo pa kuanzia. Nilipoliweka hapo, dada yangu alinyamaza, akaniambia, "Umerudi."

Wenye hali yangu, vichana vya ndani havina pa kushika, vinakwaruza tu. Nilivitoa, navaa mkanda wa mahameli chini yake na kofia laini ya pamba. Pima kichwa kwanza, kuanzia pajini, nyuma ya masikio hadi kisogoni. Saizi ya kati ni kama inchi 22 na nusu, yangu bila nywele ni 21, kwa hiyo nilichukua ndogo. Na kama pesa ni ndogo, tafuta lenye nywele zilizoshuka pajini. Mwanzo wake hauonekani kabisa, na mimi nililivaa miezi minne ya kwanza kwa amani.

BintiChumbageni
Dada wa Muheza, nimekusoma mara mbili. Mungu akuzidishie afya.

Leo nimeenda dukani. Muuzaji alinitolea la 180, nikalipeleka mlangoni, vitone vimejipanga kama ufuta kwenye mkate, nikamrudishia. La nne kutolewa ndilo nililochukua, 13x4, ujazo 150, mwanzo wake mwepesi na panjani umeingia kidogo. Nimenyanyua nyusi mbele ya kioo chao, limekaa pale pale. Lesi tu ndiyo nyeupe. Chai iko jikoni inapoa.