Makatibu wakuu wa wizara wapewe muda maalumu? Tujadili

Wakuu, salaam.

Naleta hoja, na naomba tuweke vyama pembeni. Nasema katibu mkuu wa wizara apewe miaka 5, na asiondolewe kabla ya hapo bila sababu iliyoandikwa na kufikishwa kwenye kamati ya Bunge. Leo Rais humteua na kumhamisha apendavyo, na Katiba inamruhusu.

Nimefanya kazi idara ya mipango katika wizara moja, sitaitaja, kwa miaka 9, chini ya makatibu wakuu 5. Kila ajaye anakuta mpango mkakati wa miaka 5 mezani, anaagiza "uhuishwe". Tunarudi vikaoni, tunajifungia Morogoro wiki mbili, tunaandika upya. Kuna mradi wa visima uliokwisha fanyiwa usanifu. Aliyeuanzisha akahamishwa, aliyempokea hakuuombea fedha, jalada likarudi masijala. Mzee mmoja kati ya waliotoa ardhi yao bure hunipigia simu mpaka leo kuuliza mitambo inakuja lini, nami sina la kumjibu.

Sasa tazameni uwajibikaji. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, anamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi inayofuata, Bunge linaipata Aprili. PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali, ikianza kumhoji afisa masuuli (mwenye dhamana ya fedha za wizara), ambaye ndiye katibu mkuu, mara nyingi anaulizwa malipo yaliyosainiwa na mtangulizi wake. Anaahidi kufuatilia. Aliyesaini yuko wizara nyingine, au ubalozini. Hapo hakuna aliyedanganya, na hakuna wa kumshika.

Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga. Hakuwagusa yeye. Wizara ilikuwa yake, akabeba, na miaka 8 baadaye nchi ikampa urais. Siku hizi jambo linapokuja kujulikana, mhusika ameshaondoka pale zamani.

Mchangiaji, Mwanza: Mkuu, sikubali. Miaka 5 ya uhakika ni kinga kwa mwizi. Tatizo letu lilianza tulipolegeza miiko. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili, nyumba za kupangisha na hisa kwenye makampuni. Kwa Azimio la Zanzibar la 1991 tukayaruhusu hayo. Sheria ya Maadili ya 1995 inamtaka atoe tamko la mali kila mwaka, ila sisi wananchi hatubandikiwi mahali tukalisoma. Fungueni matamko hayo kwanza.

Mwanzisha mada: Matamko yafunguliwe, hapo tuko pamoja kabisa. Ila tamko litanionyesha nyumba yake ya Mbezi, halitanionyesha visima vilivyoachwa. Kumtelekeza yule mzee na ardhi yake nako ni kukosa maadili, hata kama hakuna shilingi iliyoibwa. Na mwizi sijasema asubiriwe. Aondoke siku hiyohiyo, sababu iandikwe. Wenzetu Kenya, kwa Katiba ya 2010, Tume ya Utumishi wa Umma inapendekeza majina, Rais anachagua humo, Bunge linaidhinisha. Sisi hata hatua hiyo hatuna.

Mchangiaji, Dodoma: Nimekuwa mhasibu serikalini miaka mingi. Waziri akitaka malipo yatoke nje ya kasma, yaani fungu lililotengwa kwenye bajeti, wa kumkatalia kwa maandishi ni katibu mkuu. Nimemwona mmoja akikataa. Hakumaliza mwezi. Waliomfuata wote walisaini, na sisi wa chini tukajifunza kunyamaza. Mwanza, huyo aliyekataa alikuwa na miiko yote unayoitaka. Kilichomkosa ni ulinzi.

Mwanzisha mada: Ahsante sana, ndugu yangu. Mwanza, naomba ulijibu hili la Dodoma: yule aliyekataa, tungemlindaje bila kumpa muda?