Balozi mdogo wa Ureno aliyepita Unguja, kisha akavunja amri Bordeaux: tumwekee kibao?

Mtembeza Wageni (mleta mada)

Asalaam aleykum, na habari za jioni kwa wote.

Mie kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Mwezi uliopita nilikuwa na mama mmoja Mreno, mtu mzima, tumetoka Forodhani tunaelekea Minara Miwili, akaniuliza: "Sousa Mendes alikaa nyumba gani?" Nikamjibu kama tunavyojibu tusipojua kitu, kwamba nyumba nyingi za zamani zimebadilishwa matumizi. Akacheka. Alijua sijui. Usiku ule nikakaa kumtafuta mtu huyo, na tangu hapo sijatulia.

Aristides de Sousa Mendes alizaliwa 1885, kijiji cha Cabanas de Viriato, Ureno. Alikuwa pacha. Yeye na nduguye César walisoma sheria Coimbra, wote wawili wakaingia kwenye kazi ya ubalozi. Miaka ya 1910 huyu Aristides akaletwa hapa Unguja kuwa balozi mdogo wa Ureno, kijana bado, na mkewe Angelina. Walijaliwa watoto 14, na baadhi yao wamezaliwa hapa hapa. Mkumbuke zama zile Wagoa wetu, watu wa Goa, koloni la Ureno kule India, mafundi cherehani, waoka mikate, makarani, kwa makaratasi walikuwa raia wa Ureno. Kwa hiyo kazi ya kugonga mihuri kwenye pasi za watu wanaosafiri na shida zao aliifanya kwetu kabla hajaifanya kokote kulikompa jina.

Sasa twende Juni 1940. Yuko Bordeaux, Ufaransa. Wajerumani wameingia Paris tarehe 14, na barabara zote za kusini zimejaa watu, magari yaliyoishiwa mafuta, baiskeli, mikokoteni. Njia iliyobaki ni kupita Uhispania hadi Lisbon, na Uhispania haikupitishi kama huna viza ya Ureno. Lakini serikali ya Salazar, dikteta wa Ureno, ilikwisha toa Waraka Namba 14, Novemba 1939. Balozi mdogo asitoe viza bila kwanza kuuliza Lisbon kwa mtu ambaye uraia wake una utata, kwa Mrusi, kwa mwenye pasi ya Nansen (ile ya wakimbizi wasio na nchi), wala kwa Myahudi aliyefukuzwa kwao. Na Lisbon ukiiuliza, jibu linachelewa au halina maana.

Akakutana na rabi mmoja, Chaim Kruger, mkimbizi mwenye asili ya Poland, ana mke na watoto watano. Akawakaribisha nyumbani, akawaahidi viza. Rabi akakataa kuondoka peke yake na wenzake wamelala nje. Sousa Mendes akaanguka kitandani siku kadhaa, hali wala halali. Alipoinuka akatangaza kila mtu atapata, bila kuulizwa dini wala taifa. Wakakaa mezani, yeye, wanawe wakubwa na karani wake, wakaandika na kugonga. Kisha akaenda Bayonne, ambako msaidizi wake alikuwa anasitasita, akagonga na kule. Tarehe 24 Juni Salazar akamwita arudi.

Akashtakiwa kinidhamu, na Oktoba mwaka ule kesi ikaamuliwa. Baraza likapendekeza ashushwe cheo. Salazar akaona haitoshi: mwaka mmoja nje ya kazi kwa nusu mshahara, kisha astaafishwe. Akafilisika, akawa anakula chakula cha bure kilichopikwa na jumuiya ya Wayahudi wa Lisbon, kando ya wakimbizi. Akafa Aprili 1954 hospitali ya Wafransisko. Nyumba yake ya kijijini ikauzwa kwa madeni ikawa gofu.

Naomba maoni yenu: kibao kidogo tu, hapa mjini, kwamba mtu huyu aliishi hapa. Mnaafiki?

Karani Mstaafu

Mwanangu, umeandika vizuri na moyo wangu uko nawe. Kichwa changu hakiko nawe.

Mimi nimekaa dirisha la Uhamiaji miaka 31. Nimeona maofisa wengi waliogonga muhuri kinyume na waraka. Kila mmoja alipobanwa alisema neno moja: "Nilimwonea huruma, mzee." Wengine ilikuwa kweli. Wengine huruma ilikuwa ndani ya bahasha. Sasa ukienda chuo cha watumishi wa umma ukawafundisha vijana kwamba waraka unavunjwa pale dhamiri inapokusuta, utawatofautishaje hao wawili kesho asubuhi?

Na huyo mtu wako hakuwa malaika. Ubalozi wa Uingereza kule Lisbon ulimlalamikia Juni hiyo hiyo, kwamba anasukuma maombi hadi baada ya saa za kazi ili atoze zaidi, na kwamba kuna mtu aliombwa mchango wa mfuko wa hisani. Sisemi ni kweli. Nasema faili lilikuwepo, na bosi yeyote angelifungua.

Kibao sawa. Mfano wa kuigwa, hapana.

Mpenda Daftari

Shikamoo mzee. Naomba nikujibu kwa kitu unachokiheshimu mwenyewe: rejista.

Sousa Mendes aliandika. Rejista ya viza ya Bordeaux ipo. Kuanzia Januari 1 hadi Juni 22, 1940 ina viza 2,862, na kati ya hizo 1,575 zilitoka siku kumi na mbili za mwisho, Juni 11 hadi 22. Mla rushwa hajazi rejista ya serikali kwa jina lake na kuweka sahihi. Na hakuanzia Juni. Novemba 1939, waraka ukiwa bado wa moto, alimpa viza profesa mmoja Myahudi wa Austria, Arnold Wiznitzer, kisha ndipo akaandika Lisbon kuomba ruhusa. Alikemewa. Akaendelea. Kwa hiyo Lisbon ilijua, na yeye alijua kwamba inajua. Tofauti unayoitafuta ndiyo hiyo: mmoja anavunja amri dirisha likiwa wazi, mwingine anafunga pazia kwanza.

Lakini mleta mada nakuonya. Ukienda kutafuta habari zake utakutana na namba 30,000 kila mahali, na 10,000 kati yao Wayahudi. Avraham Milgram, mwanahistoria wa Yad Vashem penyewe, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, aliipima namba hiyo dhidi ya rejista akaona haisimami. Ni kweli viza moja iliweza kubeba familia nzima, na za Bayonne hazimo humo, na katika zile siku za mwisho haraka ilizidi kalamu. Hata hivyo kibao chako kikiandika 30,000, nitakuwa wa kwanza kulalamika.

Karani Mstaafu

Marahaba. Hoja ya rejista nimeipokea, imenigusa pabaya. Lakini umesema mwenyewe haraka ilizidi kalamu. Yaani mwishoni hakuandika. Hapo pazia lilikuwa wapi?

Mpenda Daftari

Mlango ulikuwa wazi na watu wamekaa ngazi nzima hadi barabarani, mzee. Pazia la nini tena.

Mmakonde wa Ng'ambo Hii

Mnaongea Ureno kama nchi ya kwenye vitabu. Mimi babu yangu alivuka Ruvuma kwa miguu akikimbia chibalo, kazi ya kulazimishwa, akaja kukata mkonge Tanganyika. Wamakonde wangapi wamevuka hivyo? Hakuna balozi mdogo wa Ureno aliyelala kitandani siku tatu kwa ajili yao. Na miaka hiyo hiyo mnayosema huyu bwana yuko Unguja na familia yake, askari wa Ureno walikuwa wanapigana na Mjerumani huku kwetu, wakachukua Kionga 1916, wakafika mpaka Newala wakafukuzwa. Nani alibeba mizigo yao? Mwafrika.

Nyie Unguja mmeshapewa na Wareno neno gereza. Sasa mnataka na kibao?

Mtembeza Wageni

Kaka, hiyo ya gereza umenipata, na leo ntaitumia kwa wageni.

Sina la kukupinga katika hayo. Naongeza moja tu: aliyemwadhibu Sousa Mendes ni Salazar, na Salazar ndiye aliyekuwa juu ya Msumbiji. Watu walipouawa Mueda, huko huko Msumbiji, Juni 1960, serikali ilikuwa ile ile. Simwambii mtu kwamba Sousa Mendes alikuwa mpinga ukoloni. Alikuwa Mkatoliki wa familia ya kikabaila, mpenda wafalme, na hakuna mahali nimesoma kwamba alisikitikia Wamakonde. Alikuwa mtu wa mfumo aliyekwama mahali pamoja na akagoma pale. Kwangu hilo linatosha kwa kibao. Halitoshi kwa sanamu.

Mmakonde wa Ng'ambo Hii

Andika na hilo la Mueda kwenye hicho kibao, tutaongea.

Sauti ya Darajani

Samahani, naliuliza ambalo kila mtu analikwepa. Kwa yanayotokea Gaza, kibao cha kumsifu mtu kwa kuokoa Wayahudi, hapa Zanzibar, watu watakielewaje?

Lubumbashi Moja

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, Kiswahili changu cha Katanga mtanisamehe.

Ndugu wa Darajani, swali yako si mbaya. Lakini sikiliza hii. Hapa kwetu kuna sinagogi, lilijengwa wakati mji ungali Elisabethville. Wayahudi wengi wa hapa walitoka kisiwa cha Rhodes, walikuwa wafanyabiashara. Hata baba yake Moïse Katumbi, gavana wetu wa zamani, alikuwa mtu wa Rhodes. Waliokuja Kongo mapema walipona. Waliobaki kisiwani, Wajerumani waliwakusanya Julai 1944, karibu watu 1,700, wakawapeleka Auschwitz.

Pale Rhodes kulikuwa na balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen. Mwislamu. Akaenda kwa kamanda wa Kijerumani akasema: hawa ni raia wa Uturuki, waachieni. Wengine hawakuwa raia, walikuwa wameoa au kuolewa na raia. Akasema sheria ya Uturuki inamhesabu mke au mume kuwa raia pia. Kamanda akakubali. Sheria hiyo haikuwepo! Aliitunga pale pale. Watu kama hamsini wakatoka. Mkewe, aliyekuwa mjamzito, aliumia ubalozi ulipopigwa bomu, akafa baada ya kujifungua. Mwaka 1989 Israeli ikamtambua kwa jina lile lile walilompa Sousa Mendes mwaka 1966, Mwenye Haki Miongoni mwa Mataifa.

Kwa Ülkümen, mtu aliyesimama mbele yake hakuwa siasa. Alikuwa mtu na masanduku yake. Mimi naweza kulia kwa ajili ya Gaza leo na nikamheshimu Ülkümen leo, na sioni vinagongana wapi.

Sauti ya Darajani

Nimekuelewa. Bado nadhani kibao kisichoeleza kitapotoshwa, na kwa hapa kwetu kupotoshwa ni jioni moja tu. Maandishi yapimwe sana.

Karani Mstaafu

Ngojeni kwanza. Huyu Mturuki ametunga sheria ya nchi yake mbele ya jeshi la kigeni? Miaka 31 sijakutana na kosa hilo, hata kwenye kanuni sidhani limeandikwa. Nikae kwenye kamati ya nidhamu nimpe nini, cheti au pingu?

Nimecheka peke yangu, mke wangu akaja kuniangalia.

Kigali

Mzee wetu, cheti na pingu huwa vinatoka ofisi moja, ila vinapishana miaka. Sisi 1994 tulikuwa na Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali wa Umoja wa Mataifa. Amri waliyokuwa nayo haikuwaruhusu kuokoa raia. Yeye akawa anawapitisha watu vizuizini kwenye gari, wachache wachache, kwa maneno na sigara, hadi alipouawa Mei 31. Mwaka 2014 Baraza la Usalama lilianzisha nishani yenye jina lake. Baraza lile lile.

Mpenda Daftari

Na Ureno hawakuwa na haraka zaidi. Bunge lao lilimsafisha 1988, miaka 34 baada ya kufa. Kibao chake kimewekwa kwenye makaburi ya mashujaa ya Lisbon Oktoba 2021, mwili ukabaki kijijini. Lile gofu la nyumba limefunguliwa kuwa makumbusho Julai 2024.

Msidhani wamekubaliana. Mwaka 2007 televisheni yao ilipigisha kura kumtafuta Mreno mkuu wa zama zote. Sousa Mendes alikuwa wa tatu. Wa kwanza, tena kwa kura nyingi, alikuwa Salazar. Na watetezi wa Salazar wana hoja: wakimbizi wengi sana walipita Lisbon salama chini ya serikali yake, na wapo wanaosema Sousa Mendes aliendelea kulipwa fedha za serikali hadi mwisho, kwamba umaskini wake ulitokana na watoto wengi na madeni. Sijashawishika, lakini si hoja ya kitoto.

Karani Mstaafu

Basi nitasema msimamo wangu wa mwisho, maana macho yanachoka. Mfundishe kijana chuoni habari zake, lakini ukianza na Bordeaux, fika mpaka kwenye foleni ya chakula cha bure. Asiambiwe juu ya muhuri akafichwa bei yake. Kijana akisikia yote mawili na bado akagonga, huyo simwiti mkaidi.

Kuhusu kibao: kiseme aliadhibiwa na nani.

Mtembeza Wageni

Nawashukuru wote. Nimeandika rasimu, kwa Kiswahili kwanza: "Aristides de Sousa Mendes, balozi mdogo wa Ureno, aliishi Unguja miaka ya 1910. Juni 1940, Bordeaux, alitoa viza kwa wakimbizi, wengi wao Wayahudi, kinyume na amri ya serikali ya Salazar, iliyomwadhibu kwa kumsimamisha kazi na kumstaafisha." Namba hamna. Gereza hamna. La Mueda sijaona pa kulitia, na kaka yangu wa Ruvuma najua hatoridhika.

Tatizo lililobaki ni ukuta. Nyumba bado sijaijua. Nimezungumza na mzee mmoja wa Kigoa, karibu na Minara Miwili, anasema marehemu baba yake alikuwa na sanduku la vyeti vya zamani, mihuri ya Kireno tele, wameliweka darini. Kesho baada ya misa tunalifungua. Nanyi wengine, kama nyumbani kwenu kuna karatasi ya ubalozi wa Ureno, Unguja, ya miaka ile, tazameni sahihi ya chini, na kama kuna anwani juu, nitumieni hiyo anwani.