Bunduki ya kiwandani ya kuwindia masafa marefu, bajeti finyu: nichukue ipi?

Nyayo_za_Swala:

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo.

Nimepata kibali na sasa nataka bunduki yangu mwenyewe. Mpaka leo nawinda na mjomba, kwa bunduki yake, naye akiwa pembeni. Eneo letu ni la wazi, vilima na majani mafupi, na wanyama wenyewe ni wa ukubwa wa swala kwenda kulungu. Mara nyingi tunapiga kwenye mita 150 hivi, lakini kuna siku mnyama anasimama ng'ambo ya bonde na huna pa kujificha ili umsogelee. Nataka niweze kupiga mita 400 kwa uhakika, na 600 ikiwezekana.

Pesa yangu inatosha bunduki ya kati na darubini ya bei poa, au bunduki ya bei poa na darubini nzuri. Vyote viwili vizuri, hapana. Nimeangalia Tikka T3x Lite na Ruger American, zote kwa kaliba (aina ya risasi) ya 6.5 Creedmoor, na Savage 110 ya .300 Winchester Magnum. Mjomba yuko upande wa .300, anasema mnyama wa mbali anahitaji nguvu. Muuzaji naye anasema zote tatu zinapiga ndani ya dakika moja ya pembe, nisihangaike.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

FundiMtutu:

Marahaba kijana.

Mimi ni fundi, bunduki za watu zinapita mezani kwangu kila wiki, kwa hiyo nitakujibu kama fundi. Muuzaji hajakudanganya sana. Dakika moja ya pembe, kipimo cha upana wa kundi la matundu ya risasi kwenye shabaha, ni karibu sentimita 3 kwenye mita 100, na bunduki nyingi za kiwandani za siku hizi zinafika hapo ukizipa risasi zinazozipenda. Ila muulize hiyo dakika moja imepimwa kwa risasi ngapi. Kundi la risasi tatu linapendeza kwenye picha. Piga kumi, uache mtutu upoe katikati, kundi litapanuka, na huo upana ndio bunduki yako ya kweli. Kwa mnyama ambaye eneo la moyo na mapafu lina upana wa sentimita 20 na kitu, hata dakika moja na nusu inakutosha kwenye mita 400, mradi mengine yote uyafanye sawasawa.

Kwa hiyo usinunue mtutu. Mitutu ya hizo tatu yote ni mizuri. Angalia kitako.

Bunduki za bei poa zina vitako vya plastiki, na plastiki hiyo mbele ni laini. Fanya hivi ukiwa dukani: hakikisha bunduki ni tupu, fungua bolti uangalie chemba (pale risasi inapokaa) kwa macho na uiguse kwa kidole, kisha chukua kipande cha karatasi ya kawaida, kipitishe kati ya mtutu na kitako, kivute kurudi nyuma mpaka karibu na chemba. Kinapita? Vizuri. Sasa laza sehemu ya mbele ya kitako juu ya begi, egemea kidogo kama unavyoegemea ukiwa umelala kifudifudi, halafu mwambie muuzaji avute karatasi tena. Bunduki kadhaa karatasi inakwama hapo hapo. Maana yake kitako kinajikunja na kuugusa mtutu, na kila ukibadilisha mkao, risasi inabadilisha mahali pa kutua. Kwenye mita 100 unaweza usigundue. Kwenye 400 unamjeruhi mnyama.

Ikikwama, si mwisho wa dunia. Fundi anaweza kukwangua plastiki kwa ndani. Ila ihesabu kwenye bei.

Kati ya hizo tatu ningechukua Tikka. Bolti yake inateleza kuliko zote kwa bei hiyo, kifyatulio unakirekebisha mwenyewe, na mtutu wa 6.5 Creedmoor una mzunguko wa 1:8, yaani risasi inazunguka mara moja kila inchi 8, jambo linalozituliza hewani risasi ndefu na nzito za masafa. Ni nyepesi, kama kilo 3 bila darubini, na wepesi una bei yake: mtutu mwembamba unapata moto haraka. Kwenye mawindo haikusumbui, huko unapiga moja, labda mbili.

Lakini kama Tikka itakulazimisha ununue darubini mbovu, chukua Ruger. Kwangu hilo halina mjadala. Watu wananiletea bunduki wakisema "imeacha kulenga", na kitu cha kwanza ninachoshika ni skrubu za darubini. Nyingi zimelegea. Zikiwa zimekaza, nazungusha kizungusho cha darubini, kile kinachopandisha na kushusha mlengo, juu mizunguko kadhaa kisha nakirudisha kilipokuwa, na mara nyingi mlengo haurudi ulipoanzia. Mtutu umelaumiwa bure.

Kaliba308:

6.5 hii, 6.5 ile. Kaliba ya .308 ipo tangu 1952 na bado inaua. Risasi zake utazipata mahali pengi kuliko hiyo Creedmoor ya 2007. Dogo, bunduki isiyo na risasi ni fimbo.

FundiMtutu:

@Kaliba308 kwenye upatikanaji uko sahihi kabisa, wala sibishi. Nyayo, kabla ya kulipa chochote piga simu uulize ni risasi zipi zipo, na kama zitakuwepo mwakani. Ikiwa .308 ipo na 6.5 haipo, maliza hapo, chukua .308. Mpaka mita 300 huyo swala hatajua tofauti. Baada ya hapo 6.5 haisukumwi na upepo kama .308, na teke lake ni dogo zaidi.

Nyayo_za_Swala:

Asante mzee, na wewe 308. Nimepiga simu, zote mbili zipo. Sasa nisaidieni kwa mjomba. Nimwambie nini kuhusu .300? Na 600 je, niisahau?

FundiMtutu:

Mjomba mheshimu, ila mwombe afanye jaribio moja. Bunduki zikiwa na uzito unaokaribiana, .300 Win Mag inakupiga bega karibu mara mbili ya 6.5 Creedmoor. Akuwekee ganda tupu au risasi bandia kwenye magazini bila wewe kujua ni zamu ya ngapi, uwe unapiga shabaha na .300. Itakapofika hiyo tupu, mwangalie mdomo wa bunduki unavyochovya chini. Huko kuchovya ni wewe, unalisubiri teke. Kwa kaliba ndogo tabia hiyo inatibika. Kwa magnamu kama hiyo .300, na risasi zake za bei juu, wengi hawafanyi mazoezi ya kutosha mpaka iwatoke. .300 ni kaliba nzuri sana, naipenda, kwa mtu mwenye pesa ya kuilisha.

Kuhusu 600, chukua risasi ya kuwindia ya 6.5 ya greni 143 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) inayotoka na kasi ya karibu mita 820 kwa sekunde. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukikata kutoka ubavuni, kwenye mita 400 unaisogeza kama sentimita 30. Kwenye 600 ni kama 70. Umbali umeongezeka nusu, kosa limezidi mara mbili. Na upepo huo hauupimi ulipolala, uko katikati ya bonde ambako huna kipimo. Pia risasi nyingi za kufunguka, zinazotanuka zikimwingia mnyama, zinataka zifike na kasi ya mita 550 kwa sekunde hivi ili zifanye kazi yake. Kwenye 600 hiyo 6.5 iko ukingoni kabisa. Na inachukua karibu sekunde nzima kufika. Swala anapiga hatua moja tu, umempiga tumboni.

Masafa hayo piga shabaha za chuma. Chuma hakiugui.

MamaDarubini:

Naongeza la darubini tu, maana fundi kagusa juu juu. Usinunue ukubwa wa kukuza. 3 hadi 15 inakutosha, hata 10 inatosha. Lipia vizungusho vinavyorudi sifuri na alama za ndani zinazolingana navyo: kama kizungusho kinahesabu miliradiani (kipimo kingine cha pembe), na alama ziwe miliradiani. Kuna za bei poa zinachanganya, alama za aina moja na kizungusho cha aina nyingine, utapiga hesabu mnyama akiwa anaondoka. Halafu kirekebisho cha paralaksi, kinachozuia alama zisionekane kuhama juu ya shabaha ukisogeza jicho, kwa masafa unayotaka kinahitajika. Pete zinazoshika darubini kaza kwa bisibisi ya kupimia nguvu, nyutonimita 2 hivi isipokuwa mtengenezaji kasema vingine, usikaze kwa hasira.

Nyayo_za_Swala:

Mama umenifungua macho, ile niliyokuwa naiangalia inachanganya kweli. Kesho naenda na karatasi yangu dukani. Fundi, nikishaifunga darubini nianze na risasi aina gani?

FundiMtutu:

Nunua pakiti moja moja za aina tatu tofauti, upige kila moja polepole. Itakayokaa vizuri, rudi haraka ununue nyingi zenye namba ileile ya toleo kwenye boksi. Kisha kila asubuhi utakayokwenda uwanjani, risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, iandike peke yake kwenye karatasi tofauti. Usiichanganye na zinazofuata. Hiyo ndiyo unayompigia mnyama.