Mrejesho: Lile swali langu la yoga na dini

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama Mwislamu mwenye maumivu ya mgongo anaweza kufanya yoga bila kugusa Uhindu. Ahsanteni, hata mlionikaripia.

Nimeenda. Kunyoosha viungo na kuvuta pumzi sikuona tatizo. Ila lile zoezi la Surya Namaskar maana yake ni kuliamkia jua, na darasa lilifungwa kwa kuimba "Om", sauti takatifu ya Wahindu. Hapo nilinyamaza, nikatazama kucha zangu.

Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye mantra (maneno matakatifu ya kukariri) na ibada. 2017 Saudia ikairuhusu kama mchezo. Mlivyobishana humu, kumbe na wakubwa hawajapatana!

Mwalimu amekubali niwe natoka kabla ya "Om". Kurukuu (kuinama kwenye swala) sasa hakunitoi machozi.